Fungate ya Norway Yazua Povu: Bidada Hajakosea, Tatizo Ni Bandari

Wiki hii mjini ubuyu ni mmoja tu. Mwigizaji wa tamthilia, yule mwenye macho ya kurembua na wafuasi zaidi ya milioni, ameolewa. Kamati imevunjwa, deni la ukumbi limelipwa (inasemekana), na usiku wa sherehe bwana harusi alishika maiki mbele ya wageni akatangaza zawadi: fungate ya meli ya kitalii, Norway, mwezi wa saba. Vigelegele vikapigwa, MC akaomba makofi ya kilo tano, mama mkwe akatoka na kanga kwenda kumfuta jasho mkwewe.

Siku tatu baadaye bidada akaweka maandishi meupe kwenye stori yake: "Niliomba milima, nimepewa foleni ya chakula." Akayaacha kama dakika ishirini hivi, akafuta. Lakini mjini hapa dakika ishirini ni nyingi mno, wambea walishaidaka.

Povu lililofuata kila mtu kaliona. "Dada shukuru Mungu, wenzio fungate yetu ilikuwa Bagamoyo, siku mbili, chakula kwenye hotpoti." "Shem, huyo mrudishe kwao." "Umaskini ukimtoka mtu unamtoka na adabu." Wakubwa kwa wadogo, waliooa na wanaosubiri kuolewa, wote wakawa mahakimu. Na jamaa, mfanyabiashara wa spea za magari ambaye mpaka juzi alikuwa hajulikani zaidi ya Kariakoo, akageuka shujaa wa wanaume wote wanaojitoa na wasishukuriwe.

Sasa watu wapoe kidogo. Bidada kwa adabu amekosea, ya chumbani yalitakiwa yabaki chumbani. Lakini kwenye hoja yenyewe yuko sahihi kwa asilimia kubwa, na wengi waliomtolea povu wangekuwa na mpunga huo wangeingia kwenye shimo lile lile. Kwa sababu safari ya namna hii haianzi na pesa. Inaanza na maswali matatu: mnapandia meli bandari gani, meli ya aina gani, na mwezi gani. Kwa mujibu wa watu wa karibu na wanandoa hao, jamaa kayajibu yote matatu kwa sababu ambazo hazihusiani na Norway hata kidogo.

Tuanze na bandari, maana ndipo pesa inapopotelea.

Meli aliyoweka advansi inaondokea Southampton, kusini mwa Uingereza. Kwa nini Southampton? Kwa sababu shangazi yake anaishi Reading, na Reading si mbali na hapo. Mpango ni kulala kwa shangazi siku mbili, kula ugali, kupelekwa bandarini na gari, mambo safi. Wazo si baya. Kwa mtu mwenye pasipoti ya Uingereza, Southampton ni raha tupu: hapandi ndege, anaburuta sanduku lake mpaka getini, na bei za meli kubwa zinazotoka pale mara nyingi ni nafuu kuliko kusafiri mpaka Norway kwenyewe.

Lakini wanandoa hawa wanatembea na pasipoti ya Tanzania, na hapo hesabu inageuka yote. Uingereza haimo kwenye Schengen, haijawahi kuwamo hata ilipokuwa Umoja wa Ulaya. Norway haimo kwenye Umoja wa Ulaya, lakini kwenye Schengen imo. Maana yake ukipandia Southampton unahitaji viza ya Uingereza ili ufike kwenye meli, na viza ya Schengen ili meli ikufikishe Norway. Viza mbili, maombi mawili, alama za vidole mara mbili, taarifa za benki mara mbili, na pasipoti ni moja tu, haiwezi kukaa kwenye ofisi mbili kwa wakati mmoja. Mwenye haraka hapo ndipo presha inapoanzia.

Na msije mkasema "si tutabaki melini tu wenzetu wakishuka." Kampuni za meli hukagua karatasi kabla hujakanyaga ngazi. Ukikosa viza ya nchi ambayo meli inatua, unaachwa gatini na sanduku lako, na kwenye masharti yale ya maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma, kosa la karatasi ni la abiria. Nauli hairudi.

Wangechagua kupandia Bergen wenyewe, au Hamburg, au Kiel, au Copenhagen, au Amsterdam, viza ingekuwa moja. Bandari zote hizo ziko ndani ya Schengen. Ada ya ubalozi ni euro 90 kwa mtu mzima, unakata bima ya safari ya kuanzia euro 30,000, unaruhusiwa kuomba mpaka miezi sita kabla ya safari, basi. Maombi yanakwenda kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, kwa hiyo ratiba ya meli yenyewe ndiyo inayoamua uende kwa nani. Ndege unaunganisha Amsterdam, unashukia Bergen. Shangazi anapigiwa simu ya video.

Kuna kingine ambacho mashujaa wa mitandaoni hawakigusi. Kutoka Southampton mpaka mwambao wa Norway kuna Bahari ya Kaskazini katikati. Kwenye safari ya usiku saba, siku nzima ya kwanza mnaona maji, na siku nzima ya mwisho mnaona maji. Milima aliyoiomba bidada inabakiwa na siku nne hivi, tano ikiwa ratiba ina huruma. Na bahari ile si bwawa. Aliyewahi kupanda boti ya Zanzibar mwezi wa saba, kusi limechachamaa, mfuko wa plastiki mkononi na jirani naye wa kwake, anajua kinachozungumziwa hapa. Meli kubwa hutulia zaidi kuliko boti, ni kweli, ila tumbo halisomi ukubwa wa meli.

Ukipandia Bergen, saa chache tu baada ya kamba kufunguliwa visiwa viko kushoto na milima kulia. Hakuna siku ya kwenda na siku ya kurudi. Safari ni mandhari tangu mwanzo.

Haya, meli sasa. Hapa kidogo jamaa atetewe, maana amenangwa kwa mke wake na kusifiwa kwa watu, na vyote havikumtendea haki.

Alichochagua ni ile mijengo inayoelea. Southampton inatoa meli kama Iona, inayobeba zaidi ya watu 5,000, na nyingine za ukubwa huo zinapandia Kiel au Copenhagen majira ya joto. Mabwawa ya kuogelea, kumbi za maonyesho, migahawa mpaka unasahau ulikula wapi asubuhi, maduka, baa kila kona. Kwa fungate ya mtu mwenye jina, vyumba vizuri ni vikubwa, balkoni ipo, na picha ya nje ya meli yenyewe inatosha kufunga midomo ya mtaa mzima. Jamaa aliwaza hivyo, na hakuna ubaya, kila mtu na bata lake. Mwenye watoto wadogo, au anayesafiri na mama mwenye magoti mabovu, huo mjengo ndio wa kuchukua bila kujiuliza: kuna lifti, kuna daktari, kuna joto, na kuna la kufanya mvua ikinyesha. Na mvua itanyesha. Bergen hupata mvua zaidi ya siku 200 kwa mwaka, wenyeji hawaishangai hata kidogo.

Ila bidada hakuomba mjengo. Aliomba milima. Na ukiwa mmoja kati ya watu 5,000 wanaoshuka kwenye kijiji cha wakazi wachache, mlima unauona kwa kupokezana. Foleni ya kushuka, foleni ya basi, foleni ya kibanda cha kahawa, foleni ya kurudi. Chakula nacho kina foleni yake. Stori yake ya dakika ishirini haikuwa dharau, ilikuwa maelezo sahihi kabisa ya ratiba.

Twende Geiranger, maana ndiko kila meli inakotaka kufika. Fiodi ni mkono wa bahari uliojipenyeza katikati ya milima, uliochongwa na barafuto zamani sana, ile barafuto ya kwenye kitabu cha jiografia darasani. Geirangerfjord ina urefu wa kilomita 15 hivi, kuta zake zinapanda wima kutoka majini, na mwaka 2005 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia pamoja na mwenzake Nærøyfjord, ambao sehemu yake nyembamba kabisa una mita 250 tu toka ukingo hadi ukingo. Humo Geiranger kuna maporomoko yanayoitwa Dada Saba, vijito saba vinavyoporomoka bega kwa bega, na ng'ambo yake, uso kwa uso, kuna poromoko lingine moja linaloitwa Mchumba. Wenyeji wanasimulia kwamba jamaa alivuka macho kwa wale madada wote saba, mmoja mmoja, wakamkataa wote, akaishia kwenye chupa. Hiyo ingekuwa kontenti ya wiki nzima kwa mtu mwenye wafuasi milioni, bila hata kununua kiki. Na maji yanakuwa mengi mwezi wa tano mpaka wa saba, theluji inapoyeyuka juu. Kwa hiyo kwenye mwezi, walau hapo, jamaa kapatia.

Sasa meli gani ya kuingilia humo? Wengi hawajui kwamba Norway ina meli zake za mwambao ambazo zimekuwa zikitembea tangu 1893, Bergen mpaka Kirkenes karibu na mpaka wa Urusi, na kurudi. Bandari 34, siku 12 kwenda na kurudi, au unashukia Kirkenes siku ya saba na kuruka na ndege. Siku hizi kampuni mbili ndizo zinazoshika njia hiyo, Hurtigruten na Havila. Hizo si meli za kasino. Zinabeba mizigo, barua, wanakijiji wanaokwenda kumuona daktari mji wa pili, na watalii mia kadhaa walioshika darubini. Kiangazi zinaingia Geiranger. Zinaingia hata Trollfjord, kijikono chenye mlango wa mita 100 hivi, ambamo meli inageuka pale pale huku abiria wamenyamaza kama wako ibadani. Mjengo wa watu 5,000 haupiti pale.

Lakini zisisifiwe kupita kiasi. Vyumba ni vidogo, na kwenye meli nyingi balkoni ni za wachache. Hakuna shoo ya usiku. Vituo vingine ni vya dakika 15, tena saa nane ya usiku, unasikia makontena yakigongwa chini ya kitanda chako cha fungate. Abiria wengi ni wastaafu, watalala saa tatu. Na kuna vipande vya bahari wazi, kama Hustadvika, ambavyo vina historia: mwezi Machi 2019 meli moja ya kitalii ilizimikiwa injini pale kwenye dhoruba ikiwa na watu 1,373, na helikopta zikaokoa 479 kabla haijafanikiwa kufika bandarini. Hayo ni ya majira ya baridi, Julai ni nadra sana bahari kufikia pale, ila anayesema meli ndogo haitikisiki anauza tiketi.

Kwa mtu wa kelele na kucheza, meli ya mwambao itamchosha siku ya tatu. Kwa mtu aliyeandika "niliomba milima," hiyo ndiyo meli yake, na mumewe kama angemuuliza mara moja tu kabla ya kushika maiki, angejua. Chumba kiwe upande wa kulia wa meli ikiwa inapanda kaskazini, kwa sababu pwani inakuwa upande huo.

Kuna pia sheria mpya ambayo anayepanga afahamu. Kuanzia Januari 2026 meli za abiria zilizo chini ya tani 10,000 haziruhusiwi kuingia kwenye fiodi zile za urithi wa dunia zikiwa zinatoa moshi wa mafuta ya kawaida. Kubwa zaidi zimepewa muda mpaka 2032. Ndiyo maana meli nyingine siku hizi zinatangaza betri. Ukisoma ratiba, hakikisha jina Geiranger limeandikwa kama mahali meli inapoingia, si kama mahali ambako mtapelekwa kwa basi mkitoka bandari nyingine. Maneno hayo yanafanana sana kwenye tangazo.

Kwenye mwezi kuna kesi nyingine, na hii kidogo inamhusu bidada mwenyewe. Wiki moja kabla ya harusi aliweka picha ya yale mataa ya kijani yanayocheza angani na kuandika "Julai, tuonane." Hapana. Julai hayaonekani. Kaskazini ya Norway mwezi huo jua halizami: Tromsø ni kuanzia karibu tarehe 20 Mei mpaka 22 Julai, na Nordkapp linakaa angani kuanzia kati ya Mei mpaka mwishoni mwa Julai. Mataa yale yanahitaji giza, kwa hiyo ni kuanzia mwishoni mwa Septemba mpaka Machi. Huwezi kupata maporomoko yaliyoshiba, jua la usiku wa manane na mataa ya kijani kwenye tiketi moja, na wakala yeyote aliyemwahidi hivyo amempiga tukio.

Tena jua hilo la usiku wa manane nalo lina masharti. Ukitoka Southampton kwa usiku saba, kwa kawaida meli inaishia fiodi za magharibi na kugeuza. Hapo Julai usiku ni mfupi na mwanga wa saa nne usiku ni wa dhahabu, ngozi inapendeza bila filta, lakini jua linazama. Kuliona likikataa kuzama lazima mvuke mstari wa Aktiki, na hilo meli za mwambao zinalifanya siku ya nne.

Nguo lisiwe tatizo. Julai Bergen joto linacheza kwenye nyuzi 15 hivi, na ukisimama kwenye sitaha upepo unakula nyingine tano. Makoti ya maana ya upepo na mvua yanalala Karume kwa bei ya chipsi kuku kwa sababu Dar hakuna anayeyataka. Staa hatakiri kuvaa mtumba, sawa, lakini ng'ambo kule hakuna atakayemuuliza.

Turudi kwenye ndoa, maana hapo ndipo moto ulipo. Watu wa karibu wanasema mabishano hayakuanza kwenye meli. Yalianza jamaa alipotaja kuwa sehemu ya hela ya advansi imetoka kwenye michango iliyobaki baada ya kamati kufunga hesabu. Bidada akasema kama ni hela ya watu, basi isipotee kwa kukimbiza viza mbili. Jamaa akasikia "umeshindwa." Kila mmoja akanuna upande wake wa kitanda, na wa tatu akawa simu. Waliochanga wana haki ya kukasirika, ila wajue pia kwamba ni bidada ndiye anayepigania hela yao isiishie gatini.

Na nafasi bado ipo. Meli nyingi za namna hii zinadai malipo kamili siku 60 mpaka 90 kabla ya kuondoka. Kabla ya tarehe hiyo ukijitoa unapoteza advansi au sehemu yake, na nyingine zinakubali kuhamisha advansi kwenda safari nyingine ya kampuni hiyo hiyo, ikiwemo inayoanzia bandari ya Schengen. Ikishapita, unapoteza mlima wenyewe. Kwa hesabu za wanaojua tarehe ya harusi na tarehe ya safari, wanandoa wamebakiwa na wiki tatu. Maombi ya viza ya Uingereza bado hayajapelekwa. Ya Schengen fomu imejazwa nusu, kwa mwandiko wa bidada.

Jamaa anaweza kupiga simu moja leo, akahamisha bandari, na hakuna mtu mtandaoni atakayejua. Kinachomzuia, wanasema, si advansi. Ni namna ya kumwambia shangazi, ambaye ameshabadilisha shuka za chumba cha wageni, amewatangazia jumuiya nzima ya Watanzania wa Reading, na amenunua koti jekundu la kuagia bandarini.